Mlembe wa Kichwani

Siku yangu ya mwisho kazini nilipewa saa ya ukutani, kanga doti mbili na dakika tano za kusema. Saa inatembea mpaka leo. Zile dakika tano nilizimaliza kwa kuwashukuru wakubwa mmoja mmoja, na nilipokaa chini Sista Upendo, ambaye ndiye aliyebaki na funguo za wodi, akaninong'oneza kwamba sikusema kitu. Ni kweli. Basi nawaandikia ninyi mliobaki, wauguzi wa afya ya akili wa hapa kwetu Singida, yale ambayo ningeyasema kama ningepewa muda wa kutosha na birika la chai. Habari za kupanda daraja msizitafute humu. Ziko kwenye faili langu, na hata mimi sijazisoma zote.

Mimi nilitaka kuwa mkunga. Nimekulia Iguguno, kwenye alizeti na mahindi, na muuguzi pekee niliyemjua utotoni alikuwa mkunga, mama mnene mwenye kicheko, ambaye kila aliyejifungua salama alimpelekea kuku. Nikajiona na mimi nikipelekewa kuku. Barua ya kupangiwa kazi ilipokuja ikasema wodi ya wagonjwa wa akili. Mama yangu alilia kidogo, halafu akafuta machozi akauliza kama huko nako watu hupewa kuku.

Nilifika kazini saa moja kasoro, gauni nimelipiga pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Langoni nilimkuta baba mmoja mtu mzima, shati jeupe, kalamu mfukoni. Nikampa shikamoo, nikampa na barua. Aliisoma yote mpaka muhuri, akaniuliza nilisoma chuo gani, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema nafasi zimejaa nirudi mwezi ujao. Nilikuwa nimeshageuka kwenda zangu ndipo mkuu wa wodi akatoka ndani na kumwomba yule baba, kwa adabu zote, airudishe barua. Kumbe alikuwa mgonjwa, karani wa zamani, yuko wodini mwezi wa pili. Mkuu wa wodi akaniambia yule anawasaidia kuchuja, maana wanaokubali kurudi nyumbani hapo langoni hawafai.

Huyo mkuu wa wodi ndiye Mzee Kiula, mwalimu wangu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye shada la funguo lililokuwa likilia kiunoni kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Alinifundisha mambo matatu, na kama mtasahau mengine yote niliyoyaandika hapa, haya msiyasahau. La kwanza ni salamu. Mlevi akiletwa amefungwa kamba, amejikojolea, na ananizidi umri, Mzee Kiula alitaka nimpe shikamoo kabla sijamfungua. "Pombe haimpunguzii mtu umri," alikuwa akisema. Nimeona wanaume waliokuja wakirusha mateke wakinywea ghafla kwa sababu ya shikamoo moja, wakaitikia marahaba kwa sauti ya baba wa watu.

La pili, alinikataza kumwuliza mgonjwa kwa nini. Ukimwuliza kwa nini anakunywa, atakupa hadithi, na kila siku itakuwa nyingine. Mwulize jana alifanya nini. Hapo utapata kitu cha kushika.

La tatu nililidharau. Nyuma ya wodi, pale yanapopita maji ya bomba la kufulia, Mzee Kiula alikuwa na matuta ya viazi vitamu. Kila mgonjwa aliyepata nguvu alipewa tuta moja. Moja tu, si mawili. Analilima, anapanda, na kila asubuhi kabla ya dawa anaambiwa aende akalitazame tuta lake. Hata kama halina cha kutazama, aende. Mimi niliona ni ujanja wa kupata mboga ya matembele bila kulipa kibarua, na kwa miaka mingi niliamini hivyo.

Miaka hiyo walevi hatukuwa na elimu nao. Tuliwafungia, tuliwapa dripu, tuliwakemea, tuliwarudisha nyumbani, nao wakaturudia. Wengi walikuwa wa gongo. Baadaye wakaja vijana wa bangi, na wachache wa unga waliokuwa wakishushwa na malori ya barabara kuu. Mimi nilikuwa bingwa wa kukemea. Nilikuwa na hotuba yangu iliyoanza na "mchovya asali hachovi mara moja," nikaipiga kwa sauti ambayo mpishi jikoni alisema inamkatia usingizi wa mchana.

Neno kwa vijana kabla sijaendelea, maana hili linaua. Mlevi wa miaka mingi asiachishwe pombe ghafla nyumbani, kwa kufungiwa chumbani na ndugu wenye nia njema. Atatetemeka, atatoka jasho, ataona wadudu ukutani, na anaweza kupata degedege na kufa. Mlazeni, mpeni dawa ya kumtuliza kama daktari alivyoandika, pimeni mapigo ya moyo kila mara, na sindano ya vitamini itangulie kabla ya dripu ya sukari. Yaandikeni haya ukutani. Mimi niliyaandika kwa kalamu nyekundu, na nyekundu hiyo nimeisimulia hapo chini ilikotoka.

Mzee Kiula alipostaafu akaenda kukaa Unyambwa, akalima karanga. Funguo nikapewa mimi. Haukupita muda nikapelekwa semina ya siku kadhaa kuhusu uraibu, na huko ndiko nilikokutana na dopamini. Mwezeshaji alitueleza kwamba ni kemikali ya kwenye ubongo, na kwamba pombe na dawa za kulevya huiamsha kupita kiasi. Nilirudi nimejaa kama gunia la alizeti. Nikaenda duka la vifaa vya shule pale mjini kununua karatasi kubwa za manila. Mwenye duka, mzee wa Kihindi anayejua shida za kila mtu, aliniuliza nachora nini. Nikamwambia ubongo. Akauliza wa nani. Nikasema wa kila mtu. Akanipa kalamu nyekundu bure, akasema basi na wake umo.

Nikachora kichwa kikubwa chenye wingu jekundu katikati, na juu yake nikaandika DOPAMINI, KEMIKALI YA RAHA. Nikaanzisha darasa kila asubuhi. Na kwa kuwa muda wa darasa ulikuwa uleule wa kwenda kutazama matuta, matuta nikayafuta. Nilisema sasa tunatibu kwa elimu, si kwa jembe. Mahali pake zikawekwa kamba za kuanikia mashuka. Bango lile lilinipa sifa, wageni wakilipiga picha, na mimi nikasimama pembeni yake nikitabasamu kama bibi harusi.

Ndipo akaja Njiku. Jina lake si hilo, na nimeandika habari zake kwa ruhusa yake, kwa sharti moja ambalo nitalieleza mwishoni. Alikuwa mfuga nyuki wa Itigi, umri wa miaka arobaini hivi, mwenye mizinga zaidi ya sitini kwenye kile kichaka kinene cha huko. Mingine alirithi kwa baba yake. Gongo lilikuwa limemfanya aiache yote. Siafu waliingia, kamba zikakatika, mizinga ikalala chini. Ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa kwetu.

Aliletwa na mkewe, Mama Neema. Huyu alikuwa Mnyiramba mwenzangu, kwao si mbali na kwetu, na alipotaka kunieleza ya moyoni aliyasema kwa Kinyiramba ili mumewe asisikie, akasahau kwamba Njiku ameishi naye miaka kumi na tano na anakijua kuliko wajukuu wa Iguguno. Alisema ameshafunga nguo zake na za watoto kwenye begi. Begi liko nyuma ya mlango. Hatafanya fujo, hatamtukana mtu, lakini msimu wa asali ukifika na mume akiwa bado mlevi, atalibeba begi hilo na watoto wawili, arudi kwa baba yake akalime alizeti. Njiku alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua amesikia kila neno.

Asubuhi alipopata nguvu nikampeleka darasani, nikasimama mbele ya bango langu. Nikaeleza kwamba pombe inamwaga dopamini, dopamini inaleta raha, na mlevi anaifuata ile raha. Njiku akanyoosha mkono.

"Samahani, Sista," akasema. "Hiyo raha labda wenzangu wanaipata. Mimi niliionja zamani, ikaisha. Siku hizi nikinywa sisikii kitu. Ila kabla sijanywa, hapo ndipo penye shida. Naitwa."

Nikamwuliza anaitwa na nani.

Akaniuliza kama namjua mlembe. Nilimjua kwa kusikia. Ni ndege mdogo wa kijivu, hana sura ya kukufanya ugeuke, lakini anajua nyuki waliko. Akikuona anakuja karibu, anapiga kelele, anaruka mti wa mbele, anakungoja, anaruka tena, mpaka akufikishe kwenye asali ya porini. Wewe unarina, yeye unamwachia sega, kwa kuwa nta anaila na kuvunja mzinga hawezi. Njiku alisema ukishazoea kumfuata, sauti yake ikipigwa hata uwe unakula, tonge linabaki kwenye sahani na miguu imeshatoka.

"Mlembe si asali, Sista," akasema. "Yeye anaita tu. Wangu mimi amehamia kichwani. Ananiita kwenye mzinga mtupu, najua ni mtupu, na bado namfuata."

Halafu kijana mmoja wa bangi akasema taratibu kwamba hata yeye anaye ndege huyo. Na mimi, muuguzi mzoefu, nilifanya nini? Niliwajibu kwa ukali kidogo kwamba kitabu kinasema raha, tukaendelea.

Lakini liliniuma. Mchana nilikitafuta hicho kitabu, nikasoma polepole bila hadhira, na kitabu hakikusema nilichokuwa nasema. Daktari bingwa wa akili alipokuja kwenye ziara yake nikamsimulia. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia watafiti walibishana muda mrefu sana kufika hapo, mgonjwa wangu amefika kwa miguu.

Nitawaeleza kama nilivyoelewa. Dopamini haifanyi kazi hasa ya kuonja, inafanya kazi ya kutaka. Ndiyo inayokutoa kitandani ukasonge ugali, ikakupeleka shambani kabla mvua hazijaanza. Inapanda pale unapotarajia kitu kizuri, na ikiwa kitu kimekuja kizuri kuliko ulivyotarajia, ubongo unaandika: hapa, tena, kwa njia ileile. Baada ya muda haingoji hata kitu chenyewe. Inapanda kwenye dalili. Gongo, bangi na unga huipandisha kwa nguvu ambayo hakuna chakula wala sifa inayoifikia, na ubongo ukizidiwa hujiziba masikio. Hapo mambo ya kawaida yanakosa ladha. Mke, watoto, mizinga, vyote vinakuwa kama uji usio na chumvi wala sukari. Raha ya pombe nayo inapungua, lakini wito wenyewe unabaki na nguvu zake. Na mtu anaonekana mvivu, kumbe kilichoumia ni kile chombo cha kumwinua.

Nililigeuza bango nyuma mbele. Upande mweupe nikachora ndege. Nilichora vibaya, wagonjwa wakabishana kama ni kuku, lakini tangu hapo walinielewa.

Sasa nikamwuliza Njiku swali la Mzee Kiula. Jana nyumbani ulifanya nini? Tukarudi nyuma siku baada ya siku, na mambo yakajitokeza yenyewe. Mlembe wake aliita kwa honi ya treni. Itigi siku za treni ya abiria wauza asali hukimbilia madirishani na chupa zao. Njiku alikuwa akiuza, treni inaondoka, anavuka reli, na ng'ambo ya reli pana mama mwenye gongo. Miaka na miaka. Hatimaye honi ikilia mbali huko, kabla hata moshi haujaonekana, mate yalimjaa mdomoni.

Nilijiona nimeshinda. Nikaandika mpango safi kabisa: Mama Neema ndiye atakayekwenda stesheni na asali, na Njiku siku ya treni atakaa nyumbani, mlango umefungwa, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa. Nikampa ruhusa.

Wiki ya tatu Mama Neema akanipigia simu. Hakulia. Alisema treni imepita na mume amepita nayo, na begi ameliongezea sufuria.

Njiku alirudishwa wodini, hawezi kunitazama. Nikampa habari za asubuhi kama siku zote. Nilipomwuliza jana alifanya nini akasema, "Nilikaa, Sista. Kama ulivyoniambia. Nilikaa nikimsikiliza." Maneno hayo yalinichoma. Mgonjwa alikuwa amefuata maagizo yangu yote, na maagizo yangu ndiyo yalikuwa mabovu.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Unyambwa kwa Mzee Kiula. Nilimkuta anapalilia karanga, amezeeka lakini jembe halijui. Nikampa shikamoo, nikamsaidia mstari mmoja, nikamwaga yote: dopamini, mlembe, treni, mlango na redio. Alinisikiliza mpaka mwisho wa mstari.

"Mwanangu," akasema, "na mabango yako yanaota nini?"

Nikasema hayaoti kitu.

"Basi huyo mtu umemwambia asiende kule, akabaki hana pa kwenda. Yale matuta yangu uliyapeleka wapi?"

Nikamwambia tumeanika mashuka. Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Aliniambia hakuwahi kujua jina la hicho kitu cha kichwani. Alichokiona yeye ni kwamba mtu aliyeacha pombe hana hamu ya lolote, na ukimpa shamba zima atalala. Mpe tuta moja. Kesho yake akilitazama na kuona amelifanya yeye, kuna kitu kidogo kinamgusa. Kidogo sana. Ndiyo maana alikuwa akiwalazimisha kwenda kulitazama. Matembele yenyewe hakuyajali, yeye hata hayapendi.

Jumatatu mashuka yakahama. Njiku akapewa tuta. Wiki mbili alilitazama kama mtu anayetazama kaburi la jirani. Siku moja nikamkuta amechuchumaa, anaondoa kokoto. Hakuna aliyekuwa amemtuma.

Mpango wa pili tuliuandika pamoja, na mkewe akiwepo. Mzinga mmoja kwa siku. Auteremshe, aondoe siafu na takataka, apake nta mpya ndani ili nyuki wasikie harufu, autundike upya. Basi, arudi nyumbani. Kesho yake, kabla ya kushika wa pili, aende kwanza kuutazama wa jana kama nyuki wapelelezi wameanza kuja. Siku nyingine watakuwepo, siku nyingine hawatakuwepo, na huko kutokujua kulimfaa, kwa sababu ndiko kunakomfanya mtu atake kuamka. Siku za treni asikae nyumbani. Siku hizo ndizo za mizinga ya mbali. Na Mama Neema asimwahidi sherehe mwisho wa msimu, maana mwisho wa msimu kwa ubongo uliochoka ni mbali kama Ulaya. Amwulize jioni hiyohiyo wa leo ni wa ngapi.

Nilikuwa na ratiba ya kutembelea wagonjwa majumbani, na Itigi nilikwenda kwa basi kila mwezi. Sikumwuliza Njiku kama anakunywa. Nilikuwa nikikaribishwa ndani natupa jicho nyuma ya mlango. Mwezi wa kwanza begi lilikuwa limefura. Mwezi wa pili lilikuwa vilevile, na Njiku alikuwa amefikisha mzinga wa arobaini na kitu, lakini katikati alikuwa ameanguka mara moja, siku mbili, akainuka mwenyewe. Zamani ningemkemea. Nilimwuliza siku ya tatu aliamkia wapi. Akasema kwenye mzinga wa thelathini na moja, kwenda kuutazama. Safari ya tatu sufuria lilikuwa limerudi jikoni. Nikanywa chai yangu.

Msimu wa asali ukafika, na siku ile niliyowaahidi kuja ikaangukia siku ya treni. Mama Neema alishuka stesheni na ndoo. Mimi na Njiku tukaingia kichakani alasiri, yeye na mavazi yake ya wavu na bomba la moshi, mimi na wavu mwingine ulionifanya nifanane na mtu anayeolewa kwa kulazimishwa. Alinisimamisha mbali. Alikuwa amefika chini ya mzinga wa kwanza honi ilipolia.

Ilitoka mbali, ndefu. Njiku akasimama. Bomba la moshi likashuka mkononi mwake, na akapiga hatua tatu kuelekea njia tuliyojia. Nilizihesabu. Maneno yote ya semina yalinijaa mdomoni. Nikayameza.

"Anaita," akasema bila kugeuka.

"Nasikia, Baba Neema," nikasema. "Na wa leo ni wa ngapi?"

Honi ikalia tena, karibu zaidi.

"Wa kwanza," akasema. "Hata wa kwanza bado." Akarudi hatua zake tatu, akapuliza moshi.

Alirina mizinga miwili treni ikiwa stesheni na wa tatu wakati inaondoka. Tulipomaliza alikata sega zuri, akaliweka juu ya kisiki. Nikamwambia mbona leo hakuna mlembe aliyetuongoza, mizinga ni yake na njia anaijua.

"Yule wa ndani ameita kwa bidii sana," akasema. "Sikumfuata, lakini tusimdhulumu." Akacheka. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akicheka. Mimi nilivua wavu nikajifanya moshi umeniingia machoni, na nyuki mmoja akaona nafasi yake, akaniuma shavuni. Nilipanda basi la kurudi uso umevimba upande mmoja na furaha imejaa pande zote mbili.

Sitawadanganya kwamba wote waliishia hivyo. Yule kijana wa bangi alitoroka, akarudi, akatoroka, na sasa anauza chipsi karibu na stendi, hajambo. Wengine tuliwazika. Lakini tuta na mzinga viliwashikilia wengi kuliko bango, na nawasihi, mkipata mkuu mpya aliyetoka semina, msimruhusu aanike mashuka pale.

Sherehe yangu ya kuagwa, Njiku na Mama Neema walikuja kutoka Itigi. Waliniletea madumu mawili ya asali na kuku mmoja, kwa hiyo mama yangu huko aliko amepata jibu. Madumu yalikuwa yamefungwa ndani ya begi la nguo, jeusi, zipu imekufa. Nilipotaka kulirudisha, Mama Neema akaniambia kwa Kinyiramba nibaki nalo, wao hawana kazi nalo. Njiku akacheka kabla mkewe hajamaliza kusema.

Sasa lile sharti. Wiki ya kwanza ya kustaafu nililala kama mfalme. Ya pili nikaanza kuamka alfajiri, mkono unapapasa chini ya mto kutafuta funguo. Ya tatu nikawa nakaa sebuleni natazama ile saa ya ukutani mpaka ifike saa ya darasa, halafu nakaa tena. Chakula hakikuwa na ladha. Watoto wangu walidhani nimechoka. Mimi niliyefundisha dopamini miaka yote hiyo sikujitambua.

Njiku akapiga simu, nami nikapata nafasi ya kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alinipa shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Sista, jana ulifanya nini?"

Nikamwambia nilitazama saa.

"Jembe lipo hapo?" akauliza. Nikasema lipo. "Basi andika, nimekuruhusu. Lakini kwanza chimba tuta moja. Moja tu, usinichimbie mawili. Na kila asubuhi uende kulitazama, halafu unipigie."

Haya mliyoyasoma yameandikwa asubuhi, baada ya kutoka nyuma ya nyumba. Matembele yameshika, na pembeni kuna jani moja jipya ambalo jana halikuwepo. Ngoja nimpigie Baba Neema kabla hajaingia porini.